Nani Kasema Tega?

"Binti, umeweka nini pale?"

Ilikuwa Ilboru, ukingoni mwa mfereji, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani yenye umande, mkono wa kulia umezama hadi kiwikoni ndani ya uwazi wa mizizi ya mti. Aliyeuliza alikuwa mama mmoja mwenye ndoo mkononi na panga kwapani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba ya haraka, kama mtu anayelipa deni dogo ili apate nafasi ya kudai kubwa, kisha akarudia: umeweka nini pale?

"Ni mchezo tu, mama."

"Mchezo wa nani?"

Nimeandika habari kwa zaidi ya miaka kumi. Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali wasiyotaka kujibu, na sikumbuki swali lililowahi kunikalisha kimya namna ile. Haya ninayoandika leo ni jaribio la kulijibu.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe, maana najua wengi wenu hapa mnatafuta vitabu, si makopo. Unaitwa jiokeshi. Mtu anaficha chombo mahali fulani, anapima majira ya nukta ya mahali hapo (ndiyo, yale yale ya hesabu za shule ya msingi, safari hii juu ya uso wa dunia), anayatangaza mtandaoni, na yeyote mwenye simu yenye GPS anaweza kwenda kukitafuta. Akikipata anaandika jina lake kwenye daftari lililomo ndani, anakirudisha kama alivyokikuta, anaondoka. Basi, hakuna hela. Ulianzia Marekani. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali yao iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na ghafla vifaa vilivyokuwa vinakosea kwa mita nyingi vikaanza kukufikisha karibu kabisa na mti unaoutafuta. Tarehe 3 Mei jamaa anayeitwa Dave Ulmer akaficha ndoo msituni, si mbali na Portland, Oregon, ndani kaweka vitu vidogo vidogo pamoja na kopo la maharage, akatangaza namba zake. Watu wakaenda. Kwa kopo la maharage, jamani!

Sasa, kuna aina moja ya jiokeshi ambayo namba zinazotangazwa ni za uongo. Ni uongo wa halali, unaoruhusiwa na kanuni: nukta ya uongo isizidi takriban kilomita tatu kutoka kwenye ile ya kweli, na ili uipate ya kweli lazima ufumbue fumbo kwanza. Hiyo ndiyo iliyoninasa, kwa sababu mimi ni mtu wa bao.

Nilifundishwa na babu yangu, Pangani, likizo za shule ya msingi. Alikuwa akinipiga kofi la mkononi kila nikihesabu kete kwa kidole. Alitaka nihesabu kwa jicho. Nilipohamia Arusha kikazi nilitafuta kijiwe nikakipata maeneo ya Kilombero, wazee na machalii wachache, ubao mmoja uliochakaa mpaka mashimo yanang'aa. Hakuna aliyenikataza kukaa. Ila hakuna aliyesogea kwenye benchi pia. Nilisimama pembeni nikitazama kwa muda wa karibu miezi miwili, mwanamke pekee, mpaka siku moja mzee mmoja akasogea nusu mwili bila kunitazama, akasema, "Kaa." Nitarudi kwenye neno hilo.

Fumbo langu lilikuwa hivi. Namba za mahali popote mitaa ile ya Ilboru zinaanza S 03° 2 na E 036° 4. Zinazobaki baada ya hapo, ukifuata mtindo wa dakika na desimali tatu, ni tarakimu nane: nne za kusini, nne za mashariki. Na safu ya mbele ya bao ina mashimo mangapi? Manane. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu ndani ya daladala mpaka konda akanigeukia. Kwa hiyo nikachora bao katikati ya mchezo, kete zote 64 zimekwisha kuingia, tuko kwenye mtaji. Mtafutaji anaambiwa aanze shimo fulani, acheze mtaji mmoja mpaka alale, kisha ahesabu kete zilizobaki katika safu yake ya mbele. Shimo la kwanza mpaka la nne ni kusini, la tano mpaka la nane ni mashariki.

Kulitengeneza kulinichukua wiki tatu za usiku. Ilibidi nianze na jibu halafu nicheze kinyumenyume: nirudishe kete mkononi shimo baada ya shimo, nirudishe hata zilizoliwa kwa mwenyewe, na kila hatua nihakikishe kwamba mtu akienda mbele atalazimika kupita njia ile ile. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kutega ni kazi ngumu kuliko kutegua. Mara ya kwanza nilipowapa wenzangu wa kijiweni walijaribu, mmoja akasema, "Mbona hapa naweza kwenda kulia au kushoto? Kila upande una jibu lake." Kweli. Ikabidi niweke mshale. Mwingine akauliza habari ya nyumba: je, ukifika kwenye nyumba yako unasimama au unasafiri? Kwa hiyo nikachagua hali ambayo nyumba imeshabomolewa, ili ubishi huo usiwepo. Kila marekebisho yaliniuma kidogo, kwa sababu kila moja lilifanya fumbo liwe rahisi, lakini mzee aliyenisogelea benchini alisema jambo moja nililolikubali: fumbo lenye majibu mawili halimpimi mtu, linamsumbua.

Na kuna uzuri mmoja ambao sikuupanga. Kosa la kete moja kwenye shimo la nne au la nane linakupeleka pembeni kwa mita moja na themanini na kitu, yaani bado uko kwenye mti ule ule. Kosa la kete moja kwenye shimo la kwanza au la tano linakutupa kilomita 1.85. Kete ni ile ile, mbegu ya komwe, nyepesi kama si kitu. Tofauti ni shimo iliyoangukia.

Basi, fumbo likakamilika, nikachukua kopo la plastiki, nikatia daftari, penseli na kete mbili za komwe kama zawadi ya atakayefika wa kwanza. Kwa kuwa nilitaka lisionekane, nikalizungushia lote tepu nyeusi ya mafundi umeme. Nikaamka alfajiri. Mengine mmeshayasikia.

"Lifungue," mama akasema.

Nikalifungua. Aliangalia daftari, akachukua kete moja, akaizungusha kwa kidole gumba. "Hizi si za bao?" Nikasema ndizo. Alitabasamu kidogo, nikadhani yamekwisha. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia: "Watoto wangu wanachota maji hapa. Mdogo akiliona hili atalifungua. Mimi nikiliona sitalifungua. Nitaita watu."

Wasomaji wa Arusha hawahitaji kuelezwa kwa nini neno "nitaita watu" lilinitoa jasho asubuhi ya baridi. Kwa wengine: tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kwenye kanisa Katoliki la Olasiti, siku parokia ilipokuwa inazinduliwa. Tarehe 15 Juni mwaka huo huo lingine likarushwa viwanja vya Soweto, kwenye mkutano wa kampeni wa Chadema. Watu walikufa kote kuwili. Mimi nilikuwa kijana mwaka ule, na nakumbuka jinsi mji ulivyojifunza upya kutazama mifuko: begi lililosahauliwa stendi, boksi mlangoni mwa duka. Na mimi, mwandishi wa habari, mwenye shahada, nimekaa wiki tatu kuhakikisha kwamba kete zangu zinaanguka sawasawa, halafu nimelifunga kopo kwa tepu nyeusi na kulichomeka kwenye mizizi mahali watoto wanapochota maji. Wetherby, Uingereza, mwaka 2011, mtu aliona mwenzake akihangaika na kopo la mchezo huu huu nje ya mgahawa. Wataalamu wa mabomu wakaja wakalilipua. Hiyo ni Uingereza, ambako kuna mtu wa kumpigia simu. Mtaani kwetu watu wakiitwa hawaji na roboti.

Tukiacha bomu, kuna na lile jingine ambalo mama hakulitaja kwa heshima tu. Mgeni anayefukia kitu kilichofungwa alfajiri kwenye maji ya watu, sisi tuna jina lake.

Nilipokuwa narudi mjini, kopo kwenye mkoba, nilianza kufikiria kitendawili. Sote tumekulia humo. Mtegaji hasemi fumbo lake moja kwa moja. Anaita kwanza: "Kitendawili!" Na fumbo halitoki mpaka aliyekaa mbele yake aseme: "Tega!" Siku zote nililichukulia neno hilo kama pambo, kama pazia la kufungulia mchezo. Sasa nadhani ndilo lenye uzito kuliko fumbo lenyewe. Ni ruhusa. Anayesema tega anakubali kuhangaishwa, anakubali kuonekana mjinga kwa dakika mbili. Na upande wa pili una deni lake: walioshindwa wakimpa mtegaji mji, hana hiari tena. Atakwenda mji huo, atasimulia alichokula na alivyopokelewa, lakini mwisho wake lazima alitoe jibu. Akikataa, si mtegaji huyo, ni mtu anayetunyanyasa kwa kitu anachokijua.

Linganisha na fumbo la kanga. Mwanamke ananunua doti, anaivaa akipita mbele ya mlango wa jirani, na maneno ya chini ya kanga yanafanya kazi yake. Pale hakuna aliyeita na hakuna aliyeitika, na ndiyo maana linachoma. Kuna methali isemayo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Nimeipenda tangu utoto, ila siku hizi namfikiria zaidi huyo mjinga. Nani alimchagua awe mjinga wa fumbo hili?

Mtaniambia: sasa fasihi yote si itakufa? Kezilahabi aliomba ruhusa ya nani alipoandika Nagona na Mzingile? Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikitupa Nagona ukutani, kihalisia, ukuta wa bweni, na sikuwa peke yangu. Wapo wasomaji tangu kilipotoka mwaka 1990 waliokiona kama mlango usio na kitasa. Nimekisoma tena mara mbili tangu hapo. Lakini tazama kilichotokea: nilikitupa. Kitabu kinakuja kimefungwa, na kukifungua ndiko kusema tega; kukifunga ni haki yangu, na nikishakifunga hakinifuati njiani. Jirani yangu asiyesoma riwaya hajawahi kujikwaa kwenye Mzingile akienda kuchota maji. Jibu nalo? Kezilahabi alifariki Januari 2020, na hatuna tena wa kumpa mji. Hapo nakiri sheria yangu inayumba. Labda fasihi inaruhusiwa kuchelewesha jibu kwa sababu haimlazimishi mtu kubaki anasubiri.

Ila kitabu kikitoka nje ya majalada, mambo hubadilika. Mwaka 1979 Kit Williams, mchoraji wa Uingereza, alichapisha Masquerade, kitabu cha picha chenye fumbo la mahali alipofukia sungura wa dhahabu. Maelfu wakaingia kazini, na wengine wakachimba bustani na mashamba ya watu ambao hata kitabu hawakukisikia. Sungura alipatikana mwaka 1982, na miaka sita baadaye gazeti likafichua kwamba aliyempata hakulifumbua fumbo. Alipata fununu kupitia mtu aliyewahi kuwa karibu na Williams. Nchini Marekani, Forrest Fenn alichapisha kitabu mwaka 2010 chenye shairi la kuelekeza kwenye sanduku la hazina katika milima ya Rocky, na kabla sanduku halijapatikana mwaka 2020 watu kadhaa walikuwa wamekufa wakilitafuta. Waliokufa walisema tega, hilo ni kweli. Lakini nadhani aliyetega aliijua milima kuliko wao. Mimi mwenyewe wazo langu la kwanza, kabla ya Ilboru, lilikuwa miteremko ya Meru, juu huko ndani ya hifadhi. Nililiacha kwa sababu hata wapanda mlima wanaofuata njia rasmi hupanda na askari mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati. Niliwafikiria nyati. Watu wa mferejini sikuwafikiria.

Hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika kisa hiki. Wachezaji wa jiokeshi wana jina la utani kwa watu wasiojua mchezo, wamelitoa kwenye Harry Potter: mamago, wasio na uchawi. Unafundishwa kuwakwepa. Subiri wapite, jifanye unafunga kamba za viatu. Nami nilikwenda alfajiri kwa sababu hiyo tu, kuwakwepa, kwenye ardhi yao. Kanuni za mchezo zenyewe zinataka mwenye eneo aombwe ruhusa. Nilizisoma, nikajiambia mfereji si wa mtu. Waulize wazee wa Ilboru kama mfereji si wa mtu.

Nilirudi siku tatu baadaye, saa nne, mchana kweupe. Nikampata yule mama kwenye genge lake, anapanga ndizi na parachichi. Nilimweleza mchezo mwanzo hadi mwisho. Akanipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye alisikiliza, akavua miwani, akauliza, "Kwa hiyo unaomba kibali cha kuficha?" Tulicheka wote watatu, lakini hakutoa jibu mpaka mama aliposema sharti zake. Kopo liwe jeupe, mtu aone kilichomo. Liandikwe kwa Kiswahili ni kitu gani na la nani, na simu yangu. Likae kwenye mti nyuma ya genge lake, si mferejini. Na atakayekuja asalimie kwanza. "Asiyesalimia simwonyeshi hata choo."

Nikaenda nyumbani nikaanza upya: jibu jipya, kinyumenyume tena, usiku sita safari hii.

Mchezaji mwenzangu wa Moshi aliposikia alinicheka. Alisema kopo linalolindwa na mwenye genge si jiokeshi, ni duka. Nilimjibu kwa ukali kidogo, ila nimelifikiria na siwezi kusema amekosea kabisa. Kuna kitu nimepoteza. Ile raha ya kupita mahali palipojaa watu ukijua jambo wasilolijua, raha hiyo haipo tena, na ningekuwa mwongo nikisema siikumbuki. Mama analijua kopo, wanawe wanalijua. Yule mdogo hulifungua kila siku kuhesabu kete, na moja imeshapotea. Nilinunua nyingine. Lakini bao lenyewe hawajalifumbua, na mkubwa, wa kidato cha kwanza, amechora mashimo 32 ardhini nyuma ya genge anahangaika nalo kwa punje za mahindi. Yeye alisema tega bila mimi kuita. Hana haja ya namba, kopo analiona. Anataka tu kujua kwa nini liko pale.

Nilidhani hadithi ingeishia hapo, na makala haya niliyaanza kwa nia hiyo. Halafu wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Nairobi, aliyekuja Arusha kwenye semina, akalicheza bao langu kwa karatasi na penseli hotelini. Alipatia mashimo saba. La kwanza alipungukiwa kete moja, kama ilivyo kawaida: aliruka shimo akampa jirani yake. Ikamtupa kilomita 1.85 kaskazini, upande wa mlimani, katikati ya kahawa na migomba ya mzee mmoja, mbwa wawili wanabweka. Alinipigia simu kutoka pale pale. Nikapanda bodaboda.

Mzee alikuwa mpole. Alikuwa ameshampa mgeni kiti na maji. Nilimwamkia, nikaomba radhi, nikaeleza habari ya bao, ya genge, ya kibali cha mwenyekiti. Alisikiliza yote. "Sawa," akasema. "Na mimi nani aliniuliza?"

Usiku ule nilikaa na ramani. Makosa ya kete moja yanayotupa mtu mbali ni manne: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Kaskazini ni kwa huyo mzee, tumeelewana, ameomba tu mbwa watajwe kwenye maelezo. Kusini ni nyumba yenye geti, nimekwenda mara mbili sijamkuta mwenyewe, nimeacha ujumbe kwa dada wa kazi. Mashariki ni bondeni kwenye shamba la mahindi, na nimeambiwa mwenye shamba hupatikana Jumapili baada ya ibada. Magharibi ni uwanja wa shule ya msingi. Jumatatu naenda kumwona mwalimu mkuu, nikiwa na ubao kwapani, maana kwa maneno matupu nimeona watu hawanielewi.